Macho Nyuma

Kwa miaka kumi na sita nyumba yetu ya Kayole ilikula kwa sababu ya nzi. Si nzi wa takataka, ingawa majirani hawakuchoka na huo utani. Ni nzi wa kuvulia samaki: ndoano ndogo iliyovikwa manyoya, uzi na nyuzi za plastiki zinazong'aa, mpaka samaki aliye Uskoti au Bahamas aione na kudhani ni chakula kinapita. Kiwandani alikoanzia Mamangu waliziita flai. Moja flai, nyingi maflai. Nikiwa darasa la pili mwalimu alituuliza wazazi wetu wanafanya kazi gani. Wenzangu wakasema dereva, mama mboga, soja. Mimi nikasema, "Mama anafunga maflai." Hadi leo kuna jamaa wawili watatu pale steji ambao hawajui jina langu lingine ila Flai.

Kama hujawahi kusikia kazi hii, si ajabu. Haina mabango. Lakini Nairobi na viunga vyake wako watu, wengi wao wanawake, ambao wamefunga maflai nusu ya maisha yao, na mzigo wao huuzwa kwenye maduka ya uvuvi Ulaya na Marekani. Paketi nyingi husema tu kwamba yamefungwa kwa mkono. Hazisemi mkono wa nani.

Basi nikuonyeshe mkono wenyewe. Mama alikuwa na meza ndogo chini ya dirisha, kwa sababu dirisha ndilo lililokuwa taa yetu ya bure. Ukingoni mwa meza kulikuwa na vaisi ndogo kama ya fundi saa. Ndoano inabanwa pale. Uzi mwembamba kuliko wa kushonea unazungushwa kutoka kichwani mwa ndoano kurudi nyuma. Unaongeza nywele chache za mkia wa kulungu, halafu mwili, halafu macho, ambayo ni vishanga viwili vya chuma kama vya ule mnyororo wa kizibo cha sinki. Mwisho unyoya wa shingo ya jogoo, unaozungushwa mara tatu. Fundo, tone la vanishi, inayofuata. Flai za dazeni moja lazima zifanane kama dada kumi na wawili waliozaliwa siku moja, maana kiwandani kuna mkaguzi na rula yake. Ikizidi milimita mbili ni rijekti, na rijekti hailipwi.

"Mara tatu, sio nne," Mama alikuwa anajiambia chini chini akizungusha. Hiyo sentensi ikawa sheria ya nyumba. Ukiongeza sukari kwenye chai: mara tatu, sio nne. Ukiomba pesa ya kwenda kuona mechi: mara tatu, sio nne.

Alipoanza kuletewa kazi nyumbani, sisi watoto tukawa kiwanda. Baada ya homuweki tulichambua manyoya kwa urefu, marefu huku, mafupi kule. Stima ikipotea tulishika tochi ya simu kwa zamu. Keja ilinuka vanishi, na usishangae kupata unyoya wa waridi ndani ya ugali. Tulijua maflai yote kwa sura. Kulikuwa na moja Mama aliichukia kuliko zote. Kadi yake ilikuwa na namba na picha tu, na picha ilitaka macho yafungwe mwisho kabisa, kule ndoano inapopinda, si mbele karibu na kichwa kama nyingine. Uzi ulibidi urudi nyuma, uende mbele, urudi tena. Ilikula muda na bei ilikuwa ile ile. "Hii imechorwa na mlevi," alisema. "Ni mdudu gani ana macho matakoni?" Akaibatiza Macho Nyuma. Tukiletewa oda yake, jioni hiyo hakuna aliyeuliza maswali mengi.

*

Hii kazi ilifikaje kwetu? Jibu linaanza na samaki ambaye si wa huku. Trauti hakuwa kwenye mito ya Kenya mpaka mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta mayai yake kutoka Uskoti na samaki wakaachiliwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Ndiyo, Grogan yule yule ambaye jina lake limebaki pale Kirinyaga Road, mahali unapoenda kutafuta saidmira ya gari na pengine ukauziwa yako mwenyewe. Walowezi walitaka mchezo wa nyumbani kwao: maji baridi, fimbo ndefu, nzi wa bandia. Nzi wa bandia anahitaji mtu wa kumfunga. Mikono ya hapa ikafundishwa, ikawa mizuri kuliko ilivyotarajiwa, na kilichoanza kama mahitaji ya klabu chache za wazungu kikageuka biashara ya kuuza nje.

Uvuvi huo nao haukukaa mtoni. Ulishuka baharini, kwenye maji mafupi ya pwani za joto, ambako samaki huja kula mchangani maji yakijaa. Na huko flai zilianza kupata majina kama ya watu. Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Bob Nauheim, alikuwa akivua kisiwa cha Andros huko Bahamas, akiongozwa na mwenyeji aitwaye Charlie Smith. Flai iliyozaliwa kwenye safari hizo inaitwa Crazy Charlie, na inavua mpaka leo. Miaka ya 1980 Bob Clouser, mwenye duka la uvuvi huko Pennsylvania, alifunga macho mazito ya risasi juu ya ndoano ili igeuke, ncha iangalie juu na isinase chini. Hiyo inaitwa Clouser, na ukienda popote watu wanapovua baharini kwa flai utaikuta.

Sina ugomvi na Charlie. Namwonea fahari hata: mtu mweusi wa kisiwani, kazi yake kusukuma boti na kuonyesha wageni samaki alipo, na jina lake limeingia kwenye kila sanduku la flai duniani. Mama amefunga Charlie nyingi kuliko nywele za kichwa chake. Aliposikia kwamba Charlie ni mtu wa kweli alishangaa, akasema, "Kumbe! Na mimi nilidhani ni jina la mbwa."

*

Nilipoingia chuo, karo ilihesabiwa kwa dazeni. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini nilikuwa naona. Mwezi wa kulipa, taa ya meza ilikuwa haizimwi. Bei ya flai moja dukani ng'ambo ilikaribia alicholipwa Mama kwa dazeni nzima, kwa hivyo semista moja ilikuwa mlima wa manyoya. Nikiwa mwaka wa tatu alianza kusema uzi umekuwa miwili. Kwanza alilaumu balbu. Halafu miwani. Halafu rijekti zikaanza kurudi, mbili, tano, nusu dazeni, na kiwanda kikapunguza mzigo wake polepole, bila barua, mpaka siku moja kijana wa kuleta mzigo hakuja tena.

Niliacha chuo muhula huo huo. Sikufeli na sikufukuzwa. Nilipiga hesabu, basi, na sijawahi kuona mahali ambapo hesabu ile ilikosea. Nyumbani hakuna aliyelia. Mama alisema tu, "Sawa, lakini usikae bure." Nikaanza kuandika.

Kuandika kwenyewe si vile unavyofikiria. Ukisikia mwandishi unafikiria kitabu. Mimi naandikia watu nisiowajua vitu watakavyoweka jina lao: jinsi ya kuchagua godoro, faida kumi za chai ya tangawizi, mambo matano ya kumuuliza wakili. Nalipwa kwa neno. Mama alilipwa kwa dazeni. Mkaguzi wake alikuwa na rula, wangu ana programu ya kuhesabu maneno. Siku moja tukiwa tunakunywa chai nilimwambia sisi wawili ni kitu kimoja, akanitazama, akasema, "Wewe angalau umeketi kwa kiti chenye mgongo."

Halafu mwaka jana ikaja kazi ambayo niliisoma mara mbili. Mteja mmoja wa ng'ambo, mwenye tovuti ya vifaa vya uvuvi, alitaka makala ya maneno 1,500 kuhusu kuvua kwa flai kutoka kwenye kayaki, maji mafupi ya pwani ya Afrika Mashariki. Alitaka "maji ambayo hayajaguswa". Alitaka pia picha ya samaki akirudishwa majini. Hakujua niko Kayole. Anachojua ni kwamba Kiingereza changu kimenyooka na kwamba huwa macho akiwa amelala.

Ningeweza kuiandika nikiwa kitandani. Makala nyingi za aina hiyo huandikwa na watu ambao hawajalowesha hata soksi. Lakini nilikulia ndani ya hizo flai na sikuwahi kuona hata moja ikiingia majini. Mama naye hajawahi. Yeye hata bahari hajaiona. Amezaliwa Murang'a, akaja Nairobi, na Mombasa kwake ni mahali ambapo watu wengine hupeleka watoto Desemba.

Nikamwambia naenda Kilifi siku nne. "Na hiyo nauli si ungenunulia unga?" Kesho yake asubuhi, nikifunga begi, akaniletea kopo la mafuta ya nywele. Ndani kulikuwa na pamba, na juu ya pamba flai sita, zote Macho Nyuma. Rijekti za mwisho mwisho, alizokuwa amezificha. "Mkaguzi alisema ni fupi," akasema. "Enda uone kama samaki ana rula."

*

Watu wa rika langu huenda Kilifi mwisho wa mwaka kucheza muziki mpaka jua liwachome. Mimi nilishuka basi la usiku mwezi wa tatu alfajiri, karibu na lile daraja lililofunguliwa mwaka 1991, nikaangalia chini na kuona maji ya rangi ambazo nilizijua kutoka kwenye kopo la Mama: kijani cha nyuzi, kahawia ya manyoya, mng'ao wa plastiki. Mkono wa bahari unaingia hapo kutoka mdomoni mwa Kilifi, unapita chini ya daraja, halafu kule ndani unatanuka na kuzungukwa na mikoko. Kaskazi ilikuwa imekata pumzi na kusi haijaanza, kipindi wenyewe wanakiita maleleji. Joto la kupikwa. Maji kama kioo.

Kijana aliyenikodishia kayaki alikuwa na fimbo ya flai iliyoachwa na mgeni mmoja, na alijua kuitumia vizuri. Yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho miaka yote ya kuchambua manyoya haikunifundisha: hurushi ndoano, unarusha mshipi. Kwenye uvuvi wa kawaida chubwi ndilo linalobeba mshipi kwenda mbali. Flai haina uzito wa maana, kwa hivyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene kama kamba ya viatu. Unaupeleka nyuma, unangoja unyooke, unauleta mbele, na flai inafuata mwishoni kama mtoto anayeburutwa sokoni. Ule muda wa kungoja ndio mtihani. Mtu wa Nairobi hajui kungoja kitu kilicho nyuma yake.

Kayaki nayo ina masharti yake. Ilianza kwa Wainuiti wa nchi za barafu, waliovisha mifupa ya boti ngozi za sili ili wamfuate mnyama kimyakimya, na ukimya huo ndio unaoifaa kwa maji mafupi. Inaelea hata kwenye maji ya magoti. Haina injini ya kushtua samaki. Lakini umekaa chini, kiuno chako kiko karibu usawa wa bahari, na mshipi ukienda nyuma unapiga maji usipoinua mkono juu. Halafu upepo mdogo tu unakuzungusha kama kifuniko cha sufuria. Siku ya kwanza niligeuka mara nyingi kuliko nilivyorusha. Nililala mabega yakiwaka moto.

Siku ya pili tulitoka maji yakiwa yamekupwa. Ilikuwa bamvua, mwezi umeandama juzi, na kwenye bamvua bahari hutoka mbali na kurudi juu sana. Mchanga ulikuwa wazi mpaka karibu na mikoko. Kulikuwa na mzee kwenye mtumbwi, amesimama wima, anasukuma kwa upondo bila haraka. Tulimfikia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na akauliza kama mimi ni wa bara. Nikasema Nairobi. "Karibu," akasema. "Lakini mnarusha nini huku maji hayajarudi?"

Akatueleza, huku akichokoa mchanga kwa upondo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hivyo saa ya jana si saa ya leo. Yakianza kurudi, kaa na kamba hutoka mashimoni, na samaki huja nyuma yao kwenye maji ambayo hayajafika hata magotini. Huwaendei. Unasimama mahali watakapopita. Akaangalia kayaki yetu iliyokuwa inazunguka zunguka, akatupa upondo wa akiba. "Ichomekeni hapo, mfunge." Tukauchomeka mchangani, tukafunga kamba, na kwa mara ya kwanza tangu nifike kitu hiki kikatulia.

Sasa niambie, hayo ndiyo maji ambayo hayajaguswa? Mzee yule alikuwa ameyagusa kila siku tangu akiwa mtoto. Babake aliyagusa. Kila shimo la kaa alikuwa na historia nalo.

Tukingoja, akaomba aone navulia nini. Nikafungua kopo. Alichukua flai moja, akaiweka kiganjani, akaisogeza mbali kidogo na macho yake vile Mama hufanya siku hizi.

"Huyu ni kamba," akasema. "Na anakimbia."

Nikamuuliza amejuaje kama anakimbia.

"Si macho yako nyuma? Kamba akitembea huenda mbele kama wewe. Akishtuka hupiga mkia na kuruka kinyumenyume, macho yamebaki kwa adui. Ukimvuta huyu kwa mshipi, atakwenda hivyo hivyo, mkia mbele, macho nyuma." Akaivuta hewani kwa vidole, kwa mikato mifupi, na naapa niliona kamba. "Aliyemtengeneza huyu anamjua kamba."

Nikamwambia ni Mamangu.

"Ni mvuvi?"

"Hajawahi kuona bahari."

Mzee hakucheka. Aligeuza ile flai mara mbili tatu, akaangalia fundo lake, akairudisha kwenye pamba kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto kwa mamake.

Nilimpigia Mama nikiwa pale pale kwenye kayaki, miguu majini. Nilimsikia akizima redio. Nikamwambia kuhusu kamba, kuhusu kuruka kinyumenyume, kuhusu mkia na adui. Nyamaza ndefu. Miaka kumi na sita ya kuitukana ile kadi, na maelfu ya macho yaliyofungwa mahali pasipo na maana.

"Kumbe ni hivyo," akasema mwishowe. Halafu sauti ikabadilika, ikawa ile ya kazini: "Basi yale manyoya ya mbele yanafaa kuwa mafupi zaidi. Kama ndio mkia. Walikuwa wanatuambia tuyaache marefu."

Nikamuuliza mzee. Akafikiria, akasema, "Mwambie ni kweli."

*

Samaki alikuja siku ya tatu, alasiri, maji yakiwa kwenye nyonga. Kwanza uliona mawimbi madogo yakikata kinyume na mkondo. Kijana wa kayaki akanong'ona, kolekole. Nilirusha mbele yao, si juu yao, nikangoja flai ishuke, nikaivuta kwa ile mikato mifupi ya vidole vya mzee. Mshipi ukakazana. Sijui nikuelezeje. Umewahi kupanda matatu ikang'oka kabla hujashika chuma? Ni hivyo, ila wewe ndiye chuma. Kayaki iligeuka yenyewe kumfuata, fimbo ikapinda mpaka majini, na kitu chenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko kikanivuta kama kinanidai.

Nilipomleta ubavuni, kijana akatoa simu apige ile picha, ya mikono miwili ikimrudisha samaki majini taratibu. Nilijua ndiyo picha niliyolipwa nauli kwa ajili yake. Najua pia sababu za watu kurudisha samaki, na ni nzuri: mahali wageni ni wengi na samaki ni wachache, anayerudishwa anavuliwa tena kesho, na mwongozaji anapata mshahara mara mbili kwa samaki mmoja. Sina shida na hilo.

Lakini mzee alikuwa mita chache kutoka pale, na siku hiyo mshipi wake ulikuwa umelala. Aliniuliza, bila kejeli, swali la mtu anayetaka kujua: "Ukimwita aje kula, halafu umwambie arudi, ulimwitia nini?"

Kolekole alienda kwenye mtumbwi. Jioni tuliitwa nyumbani kwake, tukampata ameshapakwa kwa nazi na ndimu, na wali juu. Picha sina.

Ile makala niliiandika. Nilieleza upondo, maleleji, bamvua, mshipi mzito na flai nyepesi, yote. Niliweka aya mbili kuhusu mwanamke wa Eastlands aliyefunga flai bila kuona bahari, na alivyorekebisha mkia wa kamba kwa simu akiwa Kayole. Mteja alilipa vizuri na kwa wakati. Aya mbili zilitolewa. Alisema kwa upole kwamba wasomaji wake wanataka kuota, na kiwanda si ndoto. Maneno yaliyobaki yalikuwa mazuri pia, na "hayajaguswa" ikarudishwa kwenye kichwa cha habari. Sikubishana. Aliyenunua maneno ni yeye. Aya mbili zilirudi kwangu kama rijekti, na rijekti, kama nilivyokwambia, ni za mwenye kuzifunga. Ndizo hizi umekuwa ukizisoma.

Nilitaka kuweka jina la Mama hapa, kama la Charlie. Alikataa. Alisema jina lake lina madeni ya chama, na watu wakiona liko kwenye intaneti watadhani ana pesa.

Mwezi wa nane kijana wa kayaki alinitumia ujumbe. Amepata wageni wanaotaka kuvua, flai za dukani zimemwishia, na zile tano tulizomwachia zimebaki mbili. Akauliza kama inawezekana kupata Macho Nyuma zaidi. Aliliandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, kama jina la kitu kinachojulikana. Nikamsomea Mama ujumbe. Alikuwa anachagua maharagwe.

"Anataka ngapi?"

"Anasema ishirini hivi."

Alienda akatoa vaisi chini ya kitanda, akaifuta kwa kanga. Macho yake sasa hayawezi dazeni tatu kwa siku. Yanaweza nne au tano asubuhi, jua likiwa dirishani, na miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Alibana ndoano. Alipima manyoya ya mbele kwa jicho, akayakata mafupi, vile alivyosema mwenyewe.

"Na bei?" nikamuuliza. "Nimwambie dazeni ni ngapi?"

"Dazeni ni ya kiwanda," akasema. "Mwambie nauza moja moja."

Akataja bei. Nikaiandika kwenye simu nilivyoisikia, sikupunguza hata shilingi, na nikabonyeza tuma.